Maji Safi Kupita Kiasi

Mama yangu alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kutakasia vifaa vya hospitali. Kila mkasi, kila koleo na kila sindano ya kushonea iliyoingia chumba cha upasuaji ilipita kwanza mikononi mwake, kisha katika mashine ya mvuke yenye mlango mzito kama wa sefu. Wenzake walimwita Mama Mvuke. Alijifanya hapendi jina hilo, lakini mtu akilisahau alimkumbusha. Alipostaafu, hospitali ilimpa saa ya ukutani. Siku ya kwanza aliifungua kwa bisibisi, akaifuta ndani, na haikutembea tena.

Mjomba wangu, mdogo wake wa pekee, alikuwa fundi chapa. Alipanga herufi za risasi moja moja kwa kibano, akisoma maneno kinyumenyume kwa kasi ambayo wengine hatuna hata tukiyasoma kwa mwelekeo wa kawaida. Hata baada ya kompyuta kuwanyang'anya kazi wenzake, aliendelea kuchapa kadi za harusi kwa watu waliopenda kupapasa karatasi na kuhisi alama ya herufi. Kucha zake zilikuwa nyeusi siku zote. Aliishi peke yake katika vyumba viwili juu ya karakana yake, na katika chumba cha mbele, kwenye meza nene iliyowahi kubeba makasha ya herufi, lilikaa tangi la kioo lenye maji, mimea na samaki.

Nilikuwa nikienda kwake Jumamosi mchana. Nikivikumbuka vyumba vile, kinachotangulia ni harufu: wino, mafuta ya mashine, na chini yake harufu nyingine tulivu, kama ya udongo mara baada ya mvua. Kisha huja mwanga. Taa ya tangi ilipita katikati ya majani na kutua ukutani, ukuta mzima ukawa kijani kinachotikisika, hata mtu aliyekaa humo alionekana kama anafikiriwa na maji. Mjomba alinifundisha kupanda jani kwa kibano chake cha herufi. "Usilisukume," alikuwa akisema. "Lishawishi." Sikuwa na subira. Jani langu lilielea juu mara tatu, na mara tatu alinirudishia kibano.

Humo waliishi samaki wanane. Watano walikuwa wadogo, wembamba, wenye mstari wa buluu ubavuni uliowaka kama waya wenye moto. Wawili walikuwa kambale wafupi wenye masharubu, waliozunguka chini siku nzima wakipekua mchanga. Wa nane alikuwa mkubwa kuliko wote, wa rangi ya asali, mwenye nyuzi mbili ndefu kifuani alizozitumia kupapasa kila kitu. Huyo Mjomba alimwita Mkaguzi, kwa kuwa mgeni yeyote akiingia, yeye ndiye aliyekuja kiooni kumtazama juu mpaka chini.

Mama alikuja pale mara moja kwa mwezi, na kila mara alikuja na ndoo.

"Wewe mtu unaishi bwawani," alisema akikunja mikono ya gauni.

"Karibu, Dada. Keti kwanza."

"Niketi wapi? Kiti chenyewe kina wino."

"Dada yangu, ungepewa nafasi ungelichemsha jua kabla halijachomoza."

"Lingetoka safi."

"Lingetoka limepoa!"

Walicheka wote wawili, naye Mama akaendelea kusugua. Sikumbuki kumwona ameketi katika chumba kile.

Mjomba alikuwa na mapafu mabovu. Mwaka nilipokuwa nakaribia kumaliza chuo alilazwa, na wiki ya pili ikawa dhahiri kwa kila aliyeijua hospitali kwamba hatatoka. Mama aliijua hospitali. Alikaa kando ya kitanda akikunja na kukunjua shuka ambalo halikuwa na kosa.

"Mashine wachukue," Mjomba alisema kwa sauti ya kupuliza. "Herufi wachukue. Samaki wangu, Dada, wasife."

"Mimi na samaki wapi na wapi?"

"Wasife tu."

"Nyamaza upumzike. Hawatakufa."

Hilo ndilo jambo la pekee nililowahi kumsikia akimwomba dada yake. Alifariki Alhamisi iliyofuata.

Siku mbili baada ya maziko Mama alichukua ndoo yake akaenda kwenye vyumba vile, kwa kuwa mwenye nyumba alivitaka. Nilipomfuata jioni nilimkuta amesimama katikati ya chumba cha mbele. Sakafu ilikuwa imesuguliwa, kuta zimefutwa, mashuka na nguo zote zimefuliwa na kuanikwa. Madirisha yalikuwa wazi. Alivuta hewa, akavuta tena.

"Harufu yake," alisema. "Hata harufu yake nimeiosha."

Kisha akageuka akalitazama tangi, alilokuwa bado hajalifikia, kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza. Nadhani ndipo alipoamua kwamba ahadi ile haikuwa ya kumtuliza mgonjwa. Viumbe wanane walikuwa ndivyo vitu hai pekee vilivyobaki vya mdogo wake, na alikuwa ametoa neno.

Tulikodi gari kupeleka tangi na meza yake nyumbani kwetu, tukawabeba samaki katika ndoo yenye kifuniko, na mimea katika beseni chini ya taulo lenye maji. Hakuna aliyetufundisha lolote. Mjomba hakuwahi kuandika namna ya kulitunza tangi, kama mtu asivyoandika namna ya kupiga miayo. Mama akafuata elimu aliyokuwa nayo. Alichemsha mawe. Alikwangua kioo mpaka kikalia chini ya kidole. Udongo mweusi uliolala chini ya mchanga aliutupa wote akanunua mpya. Mimea aliitumbukiza katika maji ya dawa, "kidogo tu, ya kuua vijidudu." Mwisho akafungua kichujio, kile kifaa kidogo cha kuvuta maji na kuyapitisha katika sponji. Sponji ilikuwa nyeusi, imejaa ute wa kahawia. Aliishika kwa koleo, mkono mbali na uso.

"Tazama," alisema kwa uchungu. "Tazama alichokuwa akikaa nacho chumba kimoja. Halafu tunauliza mapafu."

Aliichemsha dakika ishirini, akitazama saa. Ilipotoka ilikuwa ya buluu. Miaka yote ile sikuwa nimejua kwamba sponji ya Mjomba ilikuwa ya buluu, na nakiri kwamba siku ile mimi pia nilifurahi kuiona. Nilimshikia sufuria.

Kazi ya kupanda ilituchukua siku nzima, na kwa unyofu wote ilikuwa siku nzuri, ya kwanza nzuri tangu Alhamisi ile. Tuliweka meza ukutani sebuleni, tukapima kwa bilauri ya maji kama imekaa sawa. Tulitandaza udongo, juu yake mchanga, nyuma tukauinua kidogo ili mtelemko uonekane. Mawe yakakaa kushoto, gogo la mzizi kulia. Nilikumbuka kwamba Mjomba alimimina maji juu ya sahani ili yasichimbe mchanga, tukafanya hivyo. Majani marefu tulipanda nyuma, mafupi mbele. Mimi kwa kibano cha herufi, Mama kwa koleo lake. Mmea mmoja, aina ya jimbi, haukutaka kuzikwa bali kufungwa kwenye gogo. Mama alileta uzi wa kushonea vidonda, akaufunga kwa fundo la upasuaji, fundo ambalo, alisema, halijafunguka tumboni mwa mtu tangu aanze kazi.

Tulifungulia bomba. Tuliwasha taa. Tukawatia samaki wanane katika maji yaliyokuwa safi kiasi kwamba walionekana wamening'inia hewani.

"Sasa ndiyo nyumba," Mama alisema. "Angewaona!"

Siku ya tatu wale watano wadogo walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji, wakitafuna hewa.

"Wanamwiga Mkaguzi," Mama alisema, na kwa muda nilimwamini, kwa sababu Mkaguzi ni wa jamii ya samaki wanaopanda kuvuta hewa kwa kawaida yao. Lakini wadogo hawakuwahi kufanya hivyo kwa Mjomba. Kesho yake asubuhi mmoja alikuwa ubavu juu, mstari wake umezimika. Mama alimfunga katika kipande cha bendeji akamzika penye chungu cha maua, kisha akafanya alichokijua: alimwaga maji yote, akasugua tena, akajaza mengine moja kwa moja kutoka bombani. Jioni akafa wa pili. Mkaguzi alikuwa kwenye kona nyuma ya gogo, rangi yake ya asali imegeuka ya majivu, nyuzi zake zimejikunja kifuani.

Mama aliketi jikoni, mikono mapajani.

"Nimempa neno," alisema. "Nimesafisha kila kitu, mwanangu. Nimekosea wapi?"

Mjomba alikuwa akinunua chakula cha samaki kwa mwanamke mmoja mwenye duka kati ya mshona viatu na mkata vioo, mwanamke ambaye Mjomba alimwita Mkunga kwa sababu hakuna kifaranga cha samaki kilichomfia. Tulikwenda asubuhi. Alikuwa mnene, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, mikono imelowa mpaka viwikoni. Aliposikia sisi ni akina nani alizima pampu moja iliyokuwa ikipiga kelele, akatupa pole ndefu ya moyoni, kisha akauliza:

"Sponji yake mmeifanyaje?"

"Nimeichemsha," Mama alisema, si bila fahari.

"Umeichemsha."

"Dakika ishirini."

Mkunga alivua miwani. "Mama wee. Umewachemsha madaktari wote, wagonjwa ukawaacha wodini."

"Madaktari gani?"

"Bakteria, mama. Samaki anakula, anachafua. Uchafu wake unageuka sumu majini, huioni, hainuki, inamuunguza mashavu anayopumulia. Walio katika sponji, katika udongo, katika ule ute, ndio wanaoila. Marehemu aliwalea miaka. Maji yako sasa ni safi, ndiyo, lakini hayana wenyeji."

"Bakteria," Mama alirudia, kama mtu aliyetajiwa jina la mtu aliyemvunjia nyumba. "Mwenzangu, mimi hao nimewaua miaka thelathini na mmoja."

"Najua. Na hospitalini ulikuwa sahihi."

"Na huku?"

"Huku ni mkunga unayemtaka, si mvuke."

Nilidhani Mama angeondoka. Badala yake aliuliza, taratibu, kama aliyerudi darasani: inachukua siku ngapi wao kuzaliwa upya?

"Wiki tano, sita. Samaki wako hawana hata moja." Mkunga alikwenda kwenye tangi lake kubwa la nyuma, akaingiza mkono, akatoa sponji ya kahawia iliyochuruzika ute. Aliikata kipande kwa mkasi, akakitia katika mfuko wenye maji. "Hii chukua. Kikamulie ndani, halafu kiweke kwenye kichujio chako. Maji badilisha nusu kila siku, si yote. Ya bomba yana klorini, yaache ndooni mchana na usiku kwanza, itoke. Chakula, punje tu. Na kuanzia leo, mama, usisugue kitu chochote bila kunipigia."

"Bila kukupigia?"

"Hata sahani iliyo karibu na tangi."

"Sasa hapo unanitukana."

"Nakutania. Sahani sugua."

Njia nzima Mama alibeba mfuko ule mbele yake kwa mikono miwili. Nyumbani alivaa glovu, akavua, akavaa tena. Mwishowe aliingiza mkono mtupu. Alisimama juu ya tangi lile lililong'aa, sponji ya mtu mwingine kiganjani, na nikaona vidole vyake vikikataa amri. Mtu asiyemjua angeona kichekesho. Mimi niliona maisha mazima ya kazi yakiombwa yapishe njia.

"Mdogo wangu," alisema, si kwangu, "na hili nalo unaliona?"

Akakamua. Wingu la kahawia likashuka, likatanda juu ya mchanga mweupe na majani, likawafunika samaki. Hatukuona kitu. Mama alifumba macho, kisha akakamua tena mpaka ute ukaisha.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ilipangwa kwa ndoo. Zilikaa mstari mmoja chini ya dirisha, kila moja na karatasi ya saa iliyojazwa, na ole wako uguse ya leo ukidhani ni ya jana. Mama alibandika chati kando ya tangi, mfano wa zile za vitandani hospitali: amekula, hajala, rangi, pumzi. Mkunga alitupa chupa ya matone ya kupimia. Unachota maji kidogo, unadondosha, na rangi inakuambia. Kijani maana yake sumu, manjano maana yake salama. Kila asubuhi yalitoka kijani. Mama aliandika "kijani" kwa mwandiko uleule, asubuhi baada ya asubuhi, bila kupunguza hata mkia wa herufi.

Kambale mmoja alikufa wiki ya pili. Majani ya zamani yalioza moja moja, kwa sababu ya ile dawa, na kumzuia Mama asiyang'oe yote pamoja na mizizi kulihitaji simu mbili kwa siku. Mkaguzi hakula siku tisa. Alilala nyuma ya gogo, na Mama aliwahi kuniita kwa sauti ya chini akaniambia nimtazame kifua kama kinapanda, maana yeye ameshindwa kutazama. Kilikuwa kinapanda.

"Akifa huyu," alisema, "basi nilimdanganya mtu kitandani pake."

"Hukumdanganya, Mama. Hukujua."

"Mgonjwa hajali kama ulijua."



Nilirudi chuoni kwa majuma mawili ya mitihani. Nyakati zile tulizungumza kwa simu kila jioni, na kwa mara ya kwanza maishani mazungumzo yetu hayakuwa juu ya kama nimekula. Alinisomea chati. Ndivyo nilivyopata habari kwamba matone yametoka rangi isiyokuwa kijani wala manjano, kisha, siku nne baadaye, manjano kabisa. Alipima mara tatu, akamwita jirani naye apime. Kwamba chini ya shina lililooza limetoka jani jipya, dogo, limekunjwa kama barua. Kwamba Mkaguzi amekula punje moja, akatema, akaila tena.

Niliporudi ilikuwa asubuhi. Nilisimama mlangoni nikasita. Chumba kilikuwa na ile harufu tulivu ya udongo baada ya mvua. Haikuwa harufu ya Mjomba, maana haikuwa na wino wala mafuta, na sitaki kudai zaidi ya hapo. Lakini miguu yangu ilisimama kabla sijajua kwa nini.

Mama alikuwa mbele ya tangi, chujio la chai mkononi, simu sikioni. Juu ya maji, kwenye pembe ambapo majani marefu yalifika juu yakalala, palikuwa na povu. Povu nene, jeupe, la vipovu vidogo vilivyobanana, upana wa kiganja.

"Hapana, sijaligusa," alikuwa akimwambia Mkunga. "Chujio ninalo hapa, lakini nimesema nikupigie kwanza. ... Limetokea tangu jana. Nililiona dogo, nikajiambia ni uchafu, asubuhi limekuwa hivi. ... Ndiyo, huyo yuko hapohapo chini yake. Hatoki. Wengine wakisogea anawafukuza."

Nilisogea. Mkaguzi alipanda juu, akameza hewa, akarudi chini ya povu na kutema kipovu kimoja, akakisukuma kwa mdomo mpaka kikakaa. Kisha kingine. Rangi yake ilikuwa ya asali tena, imekolea kuliko nilivyowahi kuiona kwa Mjomba, karibu ya chungwa. Wale watatu wenye mistari walikuwa katikati ya majani, na kambale aliyebaki alipekua mchanga kama mtu aliyepoteza kitu kisicho cha haraka.

Mama alisikiliza muda mrefu. Kisha alisema, "Kiota?"

Nilisikia sauti ya Mkunga ikicheka ndani ya simu, na maneno machache: kwamba dume la aina ile hujenga anapokuwa mzima, maji yakimkubali, kwamba samaki mgonjwa hana habari na nyumba.

"Lakini jike hana," Mama alisema.

Mkunga akasema jambo.

"Hata asipokuwa na jike," Mama alirudia, kwangu mimi. "Anajenga tu."

Alikata simu. Alisimama akamtazama Mkaguzi akipanda na kushuka, akipanda na kushuka, kipovu kimoja kwa safari, kama mtu anayepanga herufi. Macho ya Mama yalikuwa yamejaa, lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kupinda upande mmoja, vile ulivyopinda Jumamosi zile akikunja mikono ya gauni mlangoni kwa mdogo wake.

"Na kiota chenyewe," alisema, "amekijenga kombo."

Alipeleka chujio jikoni, akarudi na kalamu, akaandika katika chati: "Anajenga."